Ramani ya wadau ilivuja, mtaro ukafukiwa

Mwalimu, pokea salamu.

Mimi ni afisa wa miradi katika shirika moja lisilo la kiserikali hapa Nairobi. Tunajenga bomba la majitaka katika mtaa mmoja wa mabanda upande wa Mashariki. Ni bomba dogo linalopita vichochoroni, ili kila ploti iweze kuwa na choo cha kumwaga maji badala ya kile cha shimo. Kila mtu aliyesikia habari hii alitupongeza, nasi tukadhani kazi iliyobaki ni ya jembe na saruji tu.

Kabla ya kutoa pesa za awamu ya pili, mfadhili alitaka tuchore ramani ya wadau. Tulikodi ukumbi wa hoteli Westlands, tukachora ule mraba wenye visanduku vinne, ushawishi ukipanda juu na maslahi yakienda kulia. Juu kulia, penye "shirikisha kwa karibu", tuliweka Serikali, kampuni ya maji, MCA (mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti) na mfadhili mwenyewe. Juu kushoto, "waridhishe", wakaingia wenye nyumba. Chini kulia, "wape habari", wapangaji. Chini kushoto, "fuatilia tu", tukabandika wale ambao hatukujua pa kuwaweka: mama mboga wa vichochoroni, watu wa bodaboda, na kikundi cha vijana wanaochota vyoo kwa ndoo na kusukuma mapipa kwa mkokoteni.

Mtu mmoja kati yetu aliipiga picha ile karatasi. Sijui ilipitia wapi, lakini iliishia kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Kiongozi wa wale vijana alinionyesha simu yake akaniuliza, "Dada, kumbe sisi ni watu wa kufuatiliwa tu?" Sikuwa na jibu. Usiku wa kuamkia Jumatatu mtaro wote uliochimbwa ukafukiwa. Mkandarasi akauchimba upya, akitumia vibarua aliokuja nao kutoka nje ya mtaa, ukafukiwa tena.

Sasa bosi wangu anasema niwape vijana "kitu cha kuwatuliza", nihamishe kibandiko chao hadi juu kulia, nitume ripoti. Mwenzangu anasema twende polisi. MCA anasema tumwachie yeye, lakini hasemi atafanya nini. Chifu naye amenuna kwa sababu hakuiona ofisi yake kwenye ile picha.

Je, ramani hizi zina maana yoyote, au ni karatasi za kumfurahisha mfadhili? Na vijana hawa niwaweke wapi?

Afisa Aliyekwama, Nairobi

*

Dada yangu,

La polisi liweke kando. Akamatwe kijana mmoja leo, na mtaro utafukiwa na watu ambao hata hawakuwa na neno nanyi. La bosi wako nitalirudia, kwa sababu lina nusu ya ukweli ndani yake.

Ramani ina maana. Yenu ina kasoro kwa sababu mlipima ushawishi kwa muhuri. Mwenye ofisi, mwenye saini na mwenye hundi mkawapandisha juu, asiye navyo mkamshusha. Ninaelewa mlikotoa mazoea hayo. Mraba huo huhusishwa na Aubrey Mendelow, aliyekuwa akiwafikiria wapanga mikakati wa makampuni, na kwenye kampuni saini huwa na nguvu kweli. Kichochoroni kuna nguvu nyingine. Kijana mwenye jembe, anayejua ni saa ngapi mlinzi wenu husinzia, hahitaji idhini ya mtu.

Kwa hiyo swali la "nani ana ushawishi" liache. Uliza: nani anaweza kuisimamisha hatua hii, kwa kutumia nini, na yeye akisimama nani anasimama naye? Nasema hatua hii, si mradi huu. Kwenye kuchimba, vijana wako wako juu kuliko kampuni ya maji. Siku ya kuunganisha bomba lenu na lile kubwa la jiji, hawana lolote, na mhandisi mmoja wa kampuni anaweza kuwaweka miezi. Siku ya mpangaji kutumia choo, mhandisi ameshatoka kwenye picha, na mwenye neno ni keateka, yule msimamizi wa ploti anayeshika ufunguo. Ramani moja ya mradi mzima huwachanganya watu hawa, na ndiyo maana ilionekana nzuri ukutani bila kukusaidia mtaroni. Chora moja kwa kila hatua, hata kama kila moja ina majina sita tu.

Nairobi imewahi kulipia kosa la namna hii hadharani. Mwaka 2014 serikali iliagiza nauli za matatu zilipwe kwa kadi, na Julai 1 ikatajwa kuwa siku ya kuanza. Google na Equity Bank walikuwa wameshaleta kadi ya BebaPay tangu 2013, kadi nyingine zikafuata. Chora mraba wenu kwa mradi ule: Serikali, NTSA (mamlaka ya uchukuzi na usalama barabarani), benki na wenye magari wote wanakaa juu kulia. Mwenye gari hasa alikuwa na kila sababu ya kuitaka kadi, maana angejua kila shilingi iliyoingia. Makanga, yule anayepokea nauli, ungemweka wapi? Ninyi, kwa jinsi mlivyochora, mngemweka na mama mboga.

Lakini biashara ya matatu huendeshwa kwa hesabu. Jioni dereva anapeleka kiasi walichokubaliana na mwenye gari, na kinachobaki ni chake na makanga. Pesa hizo hizo za mkononi ndizo zilipazo ada ya steji, skwodi anayeshika usukani dereva akienda kula, na kile kinachopitishwa dirishani penye kizuizi cha barabarani. Kadi ingeyafagia yote hayo kwa mara moja. Makanga hakuhitaji mahakama wala maandamano. Alimwambia abiria kwamba mashine imeharibika, leta noti. Kufikia 2015 BebaPay ilikuwa imefungwa. Siku hizi abiria wengi wanalipa kwa M-Pesa, tena mara nyingi kwa namba ya simu ya makanga mwenyewe, na hakuna anayelia kwamba mashine imeharibika. Teknolojia haikuwa ugomvi wake kamwe. Ugomvi ulikuwa ni pesa kupita juu ya kichwa chake.

Sasa watazame wachota vyoo wako. Mmewaandikia "maslahi madogo". Dada, ni nani katika mtaa ule mwenye maslahi makubwa zaidi ya mtu ambaye chakula cha watoto wake kiko ndani ya vyoo vya shimo mnavyotaka kuvifunga? Nadhani mlichanganya maslahi na kuunga mkono. Aliyepiga makofi mkutanoni mkamwona ana maslahi, asiyekuja mkamwona hana. Mraba wenyewe una lawama hapa, kwa sababu hauonyeshi mtu anavutia upande gani. Rekebisho lake ni dogo: kando ya kila jina weka alama ya kujumlisha au ya kutoa, na chini yake uandike kwa maneno machache anachopata na anachopoteza. Ukishindwa kuandika anachopoteza, bado hujaongea naye.

Mwaka 1997 Ronald Mitchell, Bradley Agle na Donna Wood walipendekeza kipimo kingine ambacho mimi hukipenda zaidi kwa kazi za mitaani. Wao waliangalia mambo matatu: nguvu aliyo nayo mtu, uhalali wa dai lake, na haraka ya dai hilo. Mwenye moja tu unaweza kumsubirisha. Mwenye yote matatu ndiye wa kuongea naye kabla ya chai ya saa nne. Vijana wako wanayo yote. Nguvu umeiona mtaroni. Dai lao ni halali, kwa sababu wamefanya kazi ambayo jiji halikutaka kuifanya. Haraka mliwapa ninyi wenyewe kwa ile picha.

Nije kwenye kibandiko chako cha "Serikali", ambacho ndicho kilichomnunisha chifu. Hakuna mdau anayeitwa Serikali. Chifu na naibu wake wako chini ya serikali ya kitaifa, msimamizi wa wadi yuko chini ya kaunti, na MCA ni mtunga sheria wa kaunti ambaye kwa sheria kazi yake ni kusimamia na kuhoji, si kugawa vibarua. Mnajua wenyewe kwamba kwa desturi hufanya zaidi ya hapo, na Agosti 2027 inavyokaribia kila bomba litatafuta mtu wa kupigwa nalo picha. Kampuni ya maji huendesha mtandao, lakini mabomba makubwa na mitambo hujengwa na Athi Water Works, shirika la serikali ya kitaifa. Leseni ya mazingira ni ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira. Bomba likivuka barabara, kuna mwenye barabara naye. Kila mmoja ana kichwa chake, na wawili kati yao huenda hawasalimiani.

Tena hubadilika. Machi 2020 NMS, ofisi ya serikali ya kitaifa ya huduma za Nairobi, ilianza kuendesha afya, uchukuzi, ujenzi wa umma na mipango ya jiji, kazi zilizokuwa za kaunti. Mwaka 2022 zikarudi. Aliyechora ramani 2019 akaitundika, alikuwa akipeleka barua kwenye meza zisizo na uamuzi. Andika tarehe juu ya kila ramani, na uirudie kila hatua inapoanza na kila ofisa anapohamishwa.

Wenye nyumba nitawataja haraka. Wengi wao hawaishi mtaani, na hutawapata kwenye baraza la chifu hata ukiita mara kumi. Anza na keateka. Yeye ndiye anayekusanya kodi, anajua mwenye ploti anakaa wapi, na anajua ni choo kipi kitavunjwa ili bomba lipite. Keateka hamkumpa hata kibandiko.

Wapangaji ndio wanaonisumbua zaidi katika mchoro wenu. Hao ndio mnaowajengea, na mraba unawaambia mwape habari tu. Pengine ni sawa kwa kampuni inayouza saruji. Kwa mradi wa choo, watu wenye haja kubwa wasio na nguvu ndio wa kuongezewa nguvu, vinginevyo bomba likifika kodi itapanda na atakayelitumia ni mpangaji mwingine. Mfano uko karibu. Agosti 2017 kaunti ilitangaza mitaa ya mabanda ya Mukuru kuwa eneo maalum la mipango: Kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani, kaya 100,000 hivi. Ili watu wengi kiasi hicho wasikike, Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, na wenzao walisaidia kuwapanga wakazi kaya kumi kumi, kisha makundi kumi yakaunganishwa kuwa la kaya mia, kila kundi na wawakilishi wake. Mpangaji mmoja kwenye baraza hunyamaza mwenye ploti akiingia. Wapangaji mia wenye msemaji hawanyamazi.

Wala usidhani wa chini kulia hukaa chini siku zote. Lamu, NEMA ilitoa leseni mwaka 2016 kwa mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. Waliopinga walikuwa wavuvi na wakazi, na kwenye mraba wowote wangepewa habari wakaachwa. Wakajiunga chini ya Save Lamu, wakakata rufaa, na Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira likaifuta leseni, sababu mojawapo kubwa ikiwa umma haukushirikishwa ipasavyo. Tangu Katiba ya 2010, ushirikishaji wa umma umo katika kifungu cha 10 miongoni mwa maadili ya kitaifa. Asiye na jembe anaweza kuwa na kifungu.

Utaichora upya vipi? Usirudi Westlands. Nenda mtaani na karatasi kubwa na mfuko wa vifuniko vya soda. Njia hii naiazima kwa Eva Schiffer, mtafiti aliyeibuni Ghana alipokuwa akichunguza usimamizi wa maji, ingawa vifuniko ni vyangu. Keti na watu wa aina moja kwa wakati mmoja: wapangaji wanawake peke yao, keateka peke yao, vijana peke yao. Waambie wataje kila mtu anayehusika na choo cha ploti yao. Kisha wachore mistari: nani humlipa nani, nani humwamuru nani, nani humwogopa nani. Mwisho wapange vifuniko juu ya kila jina kulingana na nguvu yake katika jambo hilo moja. Usibishane nao. Makundi mawili yakimjengea mtu yuleyule minara isiyolingana, hapo ndipo penye habari, uliza kwa nini. Utashangaa nani atapata mnara mrefu. Mara nyingi ni mtu ambaye hamjamtaja hata siku moja kwenye ripoti, kama mwenye stendi ya maji ambaye bomba lenu linapita mbele ya mlango wake. Na shirika lenu liwekwe pia, pamoja na mkandarasi. Kuja na vibarua wa nje katika mtaa wenye vijana wanaokaa bila kazi ni tendo la mdau, na mnara wake mmeshauona.

Sasa zile pesa za bosi. Nusu ya ukweli wake ni kwamba vijana wanadai kitu halali. Nusu ya uongo ni kudhani wanadai kutulizwa. Ukitoa bahasha, umewafundisha mtaa mzima bei ya mtaro uliofukiwa, na kikundi cha pili kitakuja na jembe lake mwezi ujao. Lipeni kazi. Bomba la vichochoroni huziba, na kulizibua ni kazi ya kila wiki. Kuunganisha ploti moja moja ni kazi. Tena si ploti zote zitaunganishwa mwaka huu, kwa hiyo vyoo vya shimo vitaendelea kuchotwa, na hapo mnaweza kuwapa glavu, buti na pampu ya mkono badala ya ndoo. Kikundi kisajiliwe, mkataba uwe na bei, na bei isomwe mbele ya wapangaji. Mkandarasi naye aandikiwe kwamba vibarua watoke mtaani. Bahasha ya ofisa wa serikali hata usiitaje, Sheria ya Hongo ya 2016 haina kifungu cha "kuwatuliza".

Kabla ya mkataba kuna ile picha. Nenda na bosi wako, kwa miguu, muache gari lenye nembo barabarani. Mkawakute maskani yao, muombe radhi kwa maneno mafupi, kisha uwape kalamu wajichore wenyewe. Msiende na MCA. Akiwapatanisha yeye, kesho vijana watakuwa wake. Chifu mpitieni kwanza ofisini kwa heshima, mumweleze mnakwenda kuonana na nani na kwa nini. Na tangu leo, karatasi yenye majina ya watu na maoni yenu juu yao isibandikwe ukutani wala kupigwa picha. Ya kuonyeshwa watu iwe na kazi na hatua. Yenye majina ikae kwa mtu mmoja. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, lakini hata bila sheria, usiandike juu ya mtu neno usiloweza kulisoma mbele yake.

Kibandiko usikihamishe. Ukikihamisha bila kuongea na vijana, umesahihisha ripoti na kuuacha mtaro ulivyo. Mwandikie mfadhili ukweli kwamba ramani ya kwanza ilichorwa bila watu wa mtaani, kwamba mtaro umefukiwa mara mbili, na kwamba unaomba muda. Ambatisha jedwali moja: hatua, anayeweza kuisimamisha, kwa kutumia nini, anachopoteza, na ni nani ofisini kwenu anayeongea naye. Safu hiyo ya mwisho usiiache wazi hata mstari mmoja. Mkandarasi asiguse ardhi kabla vijana hawajatia sahihi na keateka wa ploti za mwanzo hawajakuonyesha kwa mkono bomba lipite wapi. Mfadhili akilalamikia wiki zinazopotea, muulize ni kasma gani ya bajeti italipia kuchimba mara ya tatu.